Video ya mwanangu akilia ilinipa wateja. Sasa hataki kwenda shule

*Mwalimu,*

*Salamu kutoka Umoja, Nairobi. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na sikudhani siku moja nitakaa chini nikuandikie mimi.*

*Nauza nguo za watoto, mitumba, kibanda changu kiko upande wa Mutindwa. Nina watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka 13, yuko Gredi ya 8, tumwite Neema. Mdogo wake wa kiume ana miaka 6. Baba yao ni dereva wa trela, anapeleka mizigo Malaba mpaka Kampala, na akija nyumbani ni siku mbili, tatu, ameondoka.*

*Muhula uliopita Neema alirudi jioni na karatasi ya hesabu. Alikuwa ameanguka. Akasimama mlangoni mkoba bado uko mgongoni, mkono wa sweta ya shule ameuvuta mpaka umefunika vidole, kamasi zinamtoka, akaniambia, "Mama nisamehe, hesabu imenikataa." Mwalimu, vile alivyoisema ilinichekesha. Simu nilikuwa nayo mkononi kwa sababu nilikuwa napiga picha nguo za kuweka TikTok. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaiweka.*

*Kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya laki mbili. Wateja walianza kuja kibandani wakiuliza, "Wewe ndiye mama wa hesabu imenikataa?" Mwezi huo nililipa kodi ya nyumba na deni la miezi miwili. Sitakudanganya, nilimshukuru Mungu.*

*Shuleni walimtengenezea stika. Uso wake ule wa kulia unatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa kila mtu akikosea kitu. Wavulana wanamwimbia akipita. Hata mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Imekukataa tena?" Darasa lote likacheka. Haya sikuyajua wakati huo, nimeyajua juzi kutoka kwa rafiki yake. Nilichokuwa naona ni kwamba hali chakula, analala na jaketi lenye kofia hata joto likiwa kali, na usiku nikiamka namkuta macho wazi. Jambo lingine ambalo nililiona la kitoto: alibandika plasta ya kidonda kwenye kamera ya simu yangu. Nikaibandua. Kesho yake nikakuta nyingine. Nikamgombeza kwamba anamaliza plasta za nyumba.*

*Jumapili nilifungua simu yake, ile baba yake alimnunulia ya kazi za shule. Nikakuta anaandikiana na mtu ambaye hatumjui. Neema ameandika, "Naona afadhali nisiamke kesho." Yule mtu amemjibu, "Mimi pekee ndiye nakuelewa. Usimwambie mamako, atakunyang'anya simu." Tangu Jumapili sijamwambia kwamba nimeona. Naogopa.*

*Baba yake anasema nivunje hiyo simu na hao watoto wa shule wakamatwe. Nikimwambia aje anasema malezi ni yangu, yeye anatafuta. Jirani kwenye ploti ananiambia kuna sheria mpya, mzazi anafungwa mtoto akiharibikiwa mtandaoni, eti Australia wameshaanza. Mwalimu, nitafungwa? Nikimpeleka hospitali wataita polisi kwa sababu ya yale maneno aliyoandika? Na je, nina haki ya kusoma simu yake, ama hapo nimevunja sheria nyingine?*

*Mama Neema*

---

Mama Neema,

Umeuliza maswali ya sheria na nitayajibu. Lakini barua yako ina sentensi moja ambayo haiwezi kungoja, nayo ni ya Neema mwenyewe: afadhali nisiamke kesho. Tuanze hapo, na uanze leo usiku, si mwisho wa wiki baba akifika.

Mlaze mdogo. Keti karibu na Neema, mahali ambapo hamtazamani uso kwa uso kama polisi na mshukiwa. Hata mkiwa mnaosha vyombo ni sawa. Mwambie, "Nilifungua simu yako Jumapili. Niliona umeandika afadhali usiamke. Sijakasirika. Nataka kujua, unafikiria kufa?" Tumia neno hilo hilo. Najua linatisha mdomoni. Wazazi wengi huogopa kwamba wakilitaja watampandikizia mtoto wazo. Halipandikizwi hivyo. Mtoto aliyebeba fikra hiyo peke yake kwa wiki nyingi hupumua mtu mzima anapoitaja bila kupiga kelele. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimkumbushe unavyoteseka kumlisha, wala kwamba kujiua ni dhambi. Usiku wa leo siyo wa mahubiri.

Mwulize pia kama amefikiria atafanya vipi. Akikutajia njia au siku, usingoje kupambazuke. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali nawe. Ingia upande wa dharura na useme waziwazi kwamba mtoto anafikiria kujiua. Akikwambia hapana, ni uchovu tu, bado mtafute mtu wa kumwona wiki hii, na msimwache alale peke yake. Dawa zote za nyumbani, ya panya ikiwemo, zitoke zifungiwe kwa jirani unayemwamini. Na kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo na inapokelewa usiku na mchana. Unaweza kupiga wewe, anaweza kupiga yeye. Mwandikie kwenye daftari lake.

Kuhusu polisi: kuwaza kufa hakujawahi kuwa kosa nchini Kenya. Kosa lililokuwa kwenye vitabu ni kujaribu kujiua, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kwamba kinakiuka Katiba. Nimewaona wazazi wakificha mtoto ndani kwa sababu ya kifungu hicho, wakisema ameanguka, amekula kitu kibaya, ilimradi daktari asijue. Wewe usifiche chochote. Daktari akijua yote ndipo atakapoweza kumsaidia.

Sasa sheria. Mimi si wakili. Nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule za Eastlands, na nimeketi na maafisa wa watoto mara nyingi kiasi cha kujua wanachotafuta wanapoingia nyumba ya mtu.

Jirani yako amechanganya mambo. Australia ilipitisha sheria mwaka wa 2024, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025: mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Lakini faini, inayoweza kufika dola milioni 49.5 za huko, ni ya kampuni. Mzazi haadhibiwi, mtoto haadhibiwi. Na hiyo ni Australia.

Kwetu msingi ni Katiba, Kifungu cha 53. Kinasema mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na kwamba wajibu huo ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kisha kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Juu ya hapo tuna Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Hii mpya inataja dhuluma ya kisaikolojia kwa jina, na inamgusa mtu anayemdhulumu mtoto kupitia mitandao, jambo ambalo ile ya zamani iliandikwa kabla halijatuingia nyumbani. Wajibu wa mzazi ndani yake si chakula, karo na nguo tu. Kuna mwongozo, na kuna kumlinda mtoto asidhulumiwe wala kutelekezwa.

Je, utafungwa? Mzazi anayemtesa au kumtelekeza mtoto kwa makusudi anaweza kushtakiwa, na ni vyema. Lakini mama aliyekosea, akaona, akatafuta msaada, sijawahi kumwona afisa wa watoto akimkimbilia na pingu. Anachouliza ni kitu kimoja: ulipojua, ulifanya nini? Umejua Jumapili. Kwa hivyo hesabu yako na sheria, na hesabu yako na mwanao, zinaanza Jumapili hiyo, na ndiyo maana nakusukuma hivi.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda ulitumaini nitalipita. Umenieleza makosa ya wanafunzi, ya mwalimu, ya mtu asiyejulikana, ya baba. Yote ni ya kweli. Lakini ile stika imetokana na video yako, na katika video hiyo mtoto anaomba msamaha. Alikuwa amekuja kwako na aibu yake, kwa mtu ambaye alidhani ataificha, ukamwambia arudie ili simu ipate vizuri. Nimesoma mstari huo wa barua yako mara kadhaa. Uliuandika mwenyewe, hukulazimishwa, na hilo linanipa matumaini makubwa juu yako.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Inasema anayetumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo, lazima apate idhini ya mzazi, na matumizi yenyewe yalinde haki na maslahi ya mtoto. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nakutajia si kwa kukutisha, ila uone sheria ilimweka nani mlangoni. Ilikuweka wewe. Picha ya Neema haikupaswa kutoka nje bila kupita kwako, na wewe ndiye uliyeitoa, tena kwenye akaunti ya biashara. Ufaransa mwaka wa 2024 waliandika kabisa katika sheria kwamba mama na baba wote wawili ni walinzi wa picha ya mtoto, na kwamba mtoto mwenyewe ahusishwe kulingana na umri wake. Hatuna haja ya kusubiri bunge letu liandike maneno hayo ndipo tumwulize mtoto wa miaka 13 kama anataka kuonekana.

Basi video itoke. Lakini usiifute kimyakimya halafu umwambie imekwisha. Mpe Neema simu aifute yeye, wewe ukiwa kando. Utaambiwa maji yakimwagika hayazoleki, na kwa zile nakala ambazo watu wameshajihifadhia ni kweli. Lakini bomba lenyewe bado limefunguliwa kwenye akaunti yako, linamwaga kila siku, na hilo mnaweza kulifunga leo. Nakala zingine mnazoziona kwenye akaunti za watu, ripoti kila moja kwa njia ya TikTok yenyewe, ukieleza kwamba anayeonekana ni mtoto na kwamba wewe ndiye mzazi. Kazi hiyo inachosha. Ifanye jioni kumi kama itahitajika. Mteja akija kibandani akiuliza mama wa hesabu, mwambie video hiyo haipo tena, kisha mwonyeshe nguo. Utapoteza wengine, najua, na najua kodi ya Umoja.

Halafu umwombe msamaha. Wazazi wetu hawakutuomba msamaha na wengi wetu hatujui maneno yake. Ni mafupi: "Ulikuja kwangu ukilia nikakucheka mbele ya watu. Nilikosea." Usiongeze "lakini nilikuwa natafutia nyinyi."

Kuhusu kusoma simu yake. Sheria ya Watoto inampa Neema haki ya faragha, na papo hapo inamwachia mzazi nafasi ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Kumwona mtoto amebadilika, halali, hali, na kufungua simu kwa sababu hiyo, naiona ndani ya usimamizi huo. Kusoma kila usiku kwa kujificha mpaka afike miaka 18 ni jambo lingine, na atalijua, nawe utakuwa umemfundisha kuficha vizuri zaidi. Kuanzia sasa iwe wazi: simu zote za nyumba, yako ikiwemo, zinalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Ukimwambia utaiangalia yake, iangalie yeye akiwepo. Wala usiivunje simu kama baba anavyotaka. Yule mtu alishamwambia kwamba ukijua utamnyang'anya. Ukiivunja umemthibitishia, na tena umevunja ushahidi.

Maana yule mtu ni hatari. Mtoto anasema anataka kufa, mtu mzima mwema angemwambia kimbia kwa mamako, mwalimu, nesi, yeyote. Huyu amemwambia usimwambie. Kumtenga mtoto na watu wake ndiyo hatua ya kwanza ya wanaowawinda watoto, na picha au mkutano huombwa baadaye. Usimjibu, usijifanye Neema ili umnase, usimzuie kabla hujapiga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba kama ipo, tarehe na saa. Kisha upeleke kwa DCI, yaani idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Wana kitengo cha ulinzi wa watoto kinachoshughulikia mambo ya mtandaoni. Ukishindwa pa kuanzia, wale wa 116 watakuelekeza, na vilevile afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Mwulize Neema polepole kama aliwahi kuombwa picha. Akikwambia ndiyo, uso wako usibadilike.

Shule sasa. Baba Neema anataka watoto wakamatwe. Hapa sheria haiendi anakotaka. Chini ya miaka 12 mtoto hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai kabisa, na kati ya 12 na 14 huchukuliwa kwamba hajui kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Wavulana wa Gredi ya 8 wengi wako hapo hapo. Na nadhani ni sawa, kwa sababu hao nao ni watoto waliopewa kitu cha kuchekea na mtu mzima. Unachoweza kudai, na udai kwa maandishi, ni kwamba shule iitishe wazazi wao, stika zifutwe mbele ya wazazi hao, na Neema apewe mtu mzima mmoja pale shuleni wa kumkimbilia. Barua iende kwa mwalimu mkuu, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Yule mwalimu aliyelichekesha darasa zima, mtaje humo bila kutukana. Yeye ni mtu mzima na yuko kazini, hana kinga ya umri. Kama shule itakaa kimya baada ya wiki moja au mbili, peleka nakala ile kwa afisa wa watoto.

Na Baba Neema, kama mkeo amekusomea haya kwa simu ukiwa Malaba: kutafuta ni sehemu ya malezi, hakuna anayebisha. Lakini Katiba haikusema mama alee na baba atafute. Ilisema sawasawa. Simu ile ya kazi za shule uliinunua wewe, na laini yake bila shaka imesajiliwa kwa jina la mmoja wenu. Mpigie Neema leo, si kumuuliza habari ya simu wala ya mtihani. Mwulize amekula nini. Kesho mpigie tena. Dereva anajua kupanga safari. Panga moja ya kwenda na mtoto kliniki, uketi kwenye benchi pamoja naye. Kama mtaelekezwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, usikubali jina hilo likutishe. Wengi wanaopita lango lile pale Barabara ya Thika huenda, huhudumiwa na hurudi nyumbani jioni ileile.

Mama Neema, nimalizie na ile plasta. Ulidhani ni utoto. Mtoto aliyeshindwa kukwambia kwa mdomo kwamba jicho la simu yako linamwumiza aliliziba, ukabandua, akaliziba tena. Nunua pakiti nzima, haizidi bei ya chapati chache. Mpe mkononi, mwambie abandike kwenye simu yako mwenyewe, na uiache hapo. Picha za nguo kibandani utamwomba jirani akupigie kwa yake. Siku atakayoibandua kwa mkono wake, niandikie.